Mpira Ulioganda Juu ya Nyamira

Bonareri alikuwa akipima misumari ya inchi tatu katika duka la Jitendra, mjini Kisii, Sneha alipotokea mlango wa nyuma na gongo la kriketi mkononi, akamwambia aiache misumari.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka wa 2010. Bonareri alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ametoka kwao Birongo baada ya kukwama kidato cha tatu, na Jitendra, muuza mabati, simenti na vifaa vya ujenzi, alikuwa amemwajiri kupima, kupanga na kufagia. Sneha alikuwa binti wa pekee wa Jitendra, mdogo kwa Bonareri kwa mwaka mmoja. Kaka yake Ravi alikuwa ameenda ng'ambo kusoma, na tangu aondoke Sneha hakuwa na mtu wa kumrushia mpira.

"Njoo unirushie," alisema.

"Nirushe vipi?"

"Mkono usikunjike kwenye kiwiko. Mpira udunde mara moja kabla haujanifikia. Basi."

Nyuma ya ghala kulikuwa na ukanda wa simenti, na mwisho wake vijiti vitatu vimesimamishwa kwenye debe la mchanga. Kazi ya mrushaji ni kuviangusha vile vijiti. Kazi ya mpigaji ni kuvilinda kwa gongo. Bonareri alirusha. Sneha alipiga. Bonareri alienda kuokota mpira mtaroni, akarudi, akarusha tena. Ilikuwa hivyo kila Jumapili kwa miezi mitano, na hakuna mtu aliyeona kuna jambo la kusemwa.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, Bonareri alibaki na mpira mkononi.

"Rusha basi," Sneha alisema.

"Na mimi nataka kupiga."

"Nani atarusha?"

"Wewe."

"Mimi sijui kurusha."

"Hata mimi sikuwa najua."

Sneha aliliangalia gongo lake kwa muda, kisha akampa. Mpira wa tatu aliorushiwa ulitua juu ya bati la ghala kwa kishindo, Jitendra akatoka na kitambaa cha chakula kifuani kuona nani anavunja paa. Alisimama mlangoni, akatazama mipira sita mingine.

"Huyu asipime misumari tena Jumapili," alisema, akarudi kula.

Katika kriketi watu wengi hufanya kazi moja. Kuna anayerusha na kuna anayepiga. Anayefanya zote mbili, na kuzifanya vizuri, huitwa mchezaji wa pande zote, na timu yenye mtu wa namna hiyo ni kama imepewa mchezaji wa kumi na mbili bila wenzao kujua. Bonareri alikuwa mtu huyo. Mwaka wa 2012 aliingia timu ya kanda, yeye na Sneha. Mwaka wa 2014 aliitwa timu ya taifa. Alicheza Kampala, alicheza Gaborone. Mwaka wa 2019 klabu moja ya Windhoek ilimwajiri kama mchezaji wa kulipwa, akakaa huko msimu mzima akiamka asubuhi na kufanya kazi hiyo moja tu, na Windhoek walizoea kusema kwamba yule Mkenya akishika mpira upande wa upepo, wapigaji huanza kutafuta glavu zao walikoziweka. Halafu mipaka ikafungwa kwa sababu ya ugonjwa, klabu ikavunjika, akarudi Kisii kupima misumari.

Nyumbani hakukuwa kwepesi. Mechi nyingi zilichezwa Jumamosi, na mama yake, Drusilla, alikuwa Msabato wa kuzaliwa. Kanisa lilimwondoa Bonareri kwenye kwaya. Drusilla alilia siku mbili, kisha akaendelea kumwekea chakula kwenye sahani yenye kifuniko.

"Nyasae aliye mbinguni atajua mwenyewe la kufanya na wewe," alimwambia. "Mimi kazi yangu ni chakula."

Chama cha kriketi cha kanda kiliongozwa na mtu anayeitwa Okemwa. Hajawahi kushika gongo maishani. Kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa chama cha mchezo wa vishale, na kabla ya hapo cha wafuga nyuki, na alikuwa hodari wa kufungua mikutano kwa sala. Kwa miaka kumi na mmoja Bonareri aliirushia timu ya Okemwa, akaipigia, akafundisha wasichana wapya, akamwagilia uwanja, akafua jezi. Timu ikisafiri alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango wa basi, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vya kamati na jamaa za kamati. Bega lake la kulia lilianza kutoa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Alipoomba apelekwe kwa daktari, kamati iliandika ombi hilo kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwaka wa 2023 ilitangazwa ligi ya kulipwa ya wanawake, ya kwanza nchini. Kila kanda ingepeleka mchezaji mmoja wa pande zote kwa mkataba wa miaka minne. Okemwa alitangaza kwamba wa kanda yake atapatikana kwa haki, kupitia mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Nairobi, kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari pale Nyamira. Ilichezwa Jumapili ya kwanza ya Septemba.

Sneha alikuwa ameolewa Nairobi na alikuwa anachezea upande ule. Walisalimiana kwenye foleni ya maji ya kunawa.

"Bega?" Sneha aliuliza.

"Linaongea."

Asubuhi Bonareri alitoa wapigaji wanne. Sneha alikuwa wa tatu. Kijiti cha kati kiliruka kikaanguka kifudifudi, naye akatikisa kichwa, akaondoka akitabasamu kidogo. Mchana timu ya kanda ikaingia kupiga. Wenzake walitolewa mmoja mmoja kama watu wanaoitwa kwenye kituo cha afya, akabaki Bonareri na msichana anayeitwa Nyanchera, mchuma chai wa Birongo aliyekuwa mrushaji mzuri na mpigaji wa hivi hivi. Saa kumi na dakika ishirini ulibaki mpira mmoja. Ilitakiwa mikimbio mitano ili washinde.

Mpira wa mwisho ulidunda karibu na mrushaji, ukaja kwa urefu wa kifua. Bonareri aliupiga vibaya. Yeye mwenyewe alisema hivyo baadaye. Uligusa ukingo wa juu wa gongo, ukapanda moja kwa moja, ukaipita kwa urefu mikalatusi iliyozunguka uwanja, upande alikosimama Sneha. Sneha alirudi hatua tatu, akasimama, akafungua viganja vyake.

Mpira ulipanda, ukapunguza mwendo kama mpira wowote, ukasimama. Haukushuka.

Watu walingoja. Ulionekana vizuri, mwekundu, kwa aliye chini ulikuwa kama buni iliyoiva. Baada ya dakika tano nahodha wa Nairobi alimwendea mwamuzi, Mwalimu Machogu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini kabla ya kustaafu.

"Mwalimu, tangaza mpira umepotea."

"Mpira uliopotea ni ule usioonekana," Machogu alisema. "Huu ninauona."

"Basi tangaza umekufa."

"Utakufaje na haujafika chini?"

Nahodha akarudi mahali pake.

Mpira ukiwa hewani wapigaji wana ruhusa ya kukimbia kutoka mwisho mmoja wa ukanda hadi mwingine, na kila wakipishana wanahesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji ametoka na mikimbio yote ya mpira huo inafutwa. Ukiangukia chini, yote ni yao. Bonareri na Nyanchera walikimbia mara tano. Nyanchera akasimama, mikono magotini.

"Tumefika mitano, dada. Tupumzike."

"Mitano watatunyang'anya," Bonareri alisema. "Tukimbie mingi. Wakikata, ibaki."

Wakaendelea. Bathsheba, karani wa mikimbio, alichonga penseli yake na kuandika kila mmoja. Saa kumi na moja mvua ya kila siku ilikuja, ikanyesha, ikaondoka. Maji yalijikusanya kwenye mpira na kudondoka tone moja moja kwenye paji la uso la Sneha, naye hakushusha mikono. Bonareri alikimbia na bega lake linaloongea, na hasira ilikuwa imemkaa magotini ikimsukuma. Kila alipogeuka upande wa hema alimwona Okemwa akinywa soda, na akakimbia tena. Jua lilipokaribia kuzama walikuwa na mikimbio mia mbili na kumi na nne. Nyanchera alikuwa anatapika.

Mwalimu Machogu aliangalia saa, akaangalia mpira, akatangaza mapumziko ya chai. Alimwagiza bawabu wa shule azungushe chokaa mahali aliposimama Sneha ili asipoteze nafasi yake. Kisha akawaambia wote waende nyumbani na wasiende mbali.

Alhamisi ile Bonareri alienda ofisi ya chama, ghorofa ya pili, mjini Kisii. Okemwa alimpa kiti na kikombe cha chai.

"Nimekuja kuulizia orodha ya ligi, mwenyekiti."

"Orodha ilienda jana. Nafasi yetu amepewa Lavender."

Lavender alikuwa mtoto wa dada yake Okemwa. Alikuwa ameshiriki mechi tatu, mbili zikiwa zimevunjwa na mvua.

"Lavender hajawahi kurusha ova moja, mipira sita tu, ikaisha."

"Atajifunza. Bado ni kijana."

"Nilitoa watu wanne Jumapili. Hao hawako hewani. Hao walitoka."

"Ni kweli, na kamati inashukuru. Lakini mpira wako uko juu, Bonareri. Ukidakwa, wewe umetoka, na ile mia mbili si kitu. Nitampaje mkataba mtu ambaye huenda ametoka?"

"Na Lavender?"

"Lavender hana mpira angani."

Bonareri alikiweka kikombe mezani bila kukigusa kwa mdomo.

"Miaka kumi na mmoja nimefua jezi zenu."

"Na ulizifua vizuri," Okemwa alisema. "Hilo hakuna anayelipinga."

Alirudi dukani, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya ghala, akachukua mpira. Alirusha ukutani hadi saa kumi na mbili, bila gongo, bila vijiti, bila mtu. Mke wa Jitendra, Alpa, alichungulia mara mbili na chai mkononi, akarudi nayo. Kufikia jioni ukuta ulikuwa na tundu la ukubwa wa karai na upande wa pili ulionekana uwanja wa jirani na kuku wake. Jitendra alikuja, akalitazama tundu. Alibeba mfuko wa simenti, akauweka chini pale, akaenda kufunga duka.

Mpira ulikaa. Nyamira waliuzoea upesi, kwa kuwa haukumzuia mtu kufanya kazi yake. Shule ya msingi ya jirani ilitumia kivuli chake kujua saa sita imefika. Mvua ya mawe ya mwaka wa 2024 iliharibu chai huku na huku, lakini mawe hayakuugusa. Asubuhi moja kunguru alitua juu yake, akateleza, hakurudi. Ofisi za serikali zilijadili kama ni mali ya kaunti au ya shule, zikaahirisha.

Drusilla aliuliza kila mara Bonareri alipofika Birongo.

"Ungali huko?"

"Ungali, mama."

"Basi kula."

Machi mwaka ule klabu nyingine ya Windhoek iliandika barua. Walimkumbuka. Walitaka aanze mwezi wa tano, kwa mkataba, na daktari wa bega wanaye. Walichohitaji ni barua moja tu kutoka kwa chama cha kwao kwamba yuko huru. Chama kilichokuwa kikichukua miezi mitatu kujibu salamu kilijibu hiyo siku ya pili: mchezaji aliyetajwa hawezi kuachiliwa kwa kuwa yuko katikati ya mechi.

Bonareri alimfuata Mwalimu Machogu kwake. Alimkuta akikata majani ya ng'ombe.

"Mwalimu, ni kweli niko katikati ya mechi?"

Machogu alisimamisha panga. Alikuwa mtu mkweli na ukweli ulimsumbua.

"Ni kweli," alisema. "Lakini ningekuwa mimi, ningekuandikia barua hata hivyo. Mtu anaweza kuwa katikati ya mechi na akaenda sokoni. Kwa nini asiende Windhoek?"

"Sasa niandikie."

"Mimi sina muhuri, mwanangu."

Windhoek walingoja hadi mwezi wa sita, wakamchukua mtu mwingine.

Duka la Jitendra lilikuwa na televisheni juu ya rafu ya rangi, na ligi ya wanawake ilionyeshwa Jumapili. Lavender alikaa kwenye benchi msimu wote wa kwanza. Msimu wa pili alipewa mpira mara moja, akarusha mipira kumi na mmoja, saba kati yake mbali na vijiti kiasi kwamba mtangazaji alianza kuzungumzia hali ya hewa. Jioni ile Lavender alimpigia Bonareri simu.

"Dada, samahani. Ule mpira wako unaogeuka ukidunda. Unaushikaje?"

Bonareri alimsikia msichana akipumua upande wa pili, na akajua kwamba analia au ametoka kulia.

"Vidole viwili juu ya mshono, vitengane," alisema. "Kidole gumba kisifanye kazi. Usiubane. Kifundo cha mkono ndicho kinachogeuza."

"Asante, dada. Huku hawanifundishi. Wanadhani najua."

"Na wewe mbona ulikubali?"

"Mjomba alishasaini."

Bonareri alikata simu, akakaa juu ya mifuko ya simenti hadi mteja alipoita mara ya tatu.

Juni ya 2025 bawabu wa shule aliona mpira unatikisika. Alimwita Bathsheba, Bathsheba akamwita Mwalimu Machogu. Machogu alikuwa na miparachichi sita nyumbani na aliyajua matunda yanayokaribia kuanguka. Aliutazama kwa muda, akasema Jumapili, alasiri.

Watu waliitwa. Wachezaji wawili wa Nairobi walikuwa wamezaa, mwingine alikuwa Qatar kazini, na nafasi yake kwenye uwanja iliachwa wazi. Nyanchera alikuja na buti za shamba. Okemwa alikuja na hema, meza ya plastiki, soda na kamati. Sneha alifika saa nane kwa gari la mumewe, sasa akiwa na miwani, akaingia ndani ya duara la chokaa, akasimama. Bawabu alikuwa amelipaka upya kila baada ya mvua.

Bonareri alivaa kinga za miguu, akamwendea.

"Bona," Sneha alisema kwa sauti ya chini, "nitaweka mikono nyuma. Nitauacha uanguke."

"Hapana."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na yule pale atasema nilipewa." Alielekeza kidevu hemani. "Daka. Ukiweza, umeweza."

"Nikidaka, miaka miwili yote imeenda bure."

"Haikuenda bure. Iliibwa. Hayo ni mambo mawili. Wewe daka, Sneha. Usinihurumie mbele ya watu hawa."

Sneha alivua miwani, akaifuta kwa jezi, akaivaa tena.

Saa kumi kasoro robo mpira uliachia. Ulianguka kwa mwendo wa kawaida, kana kwamba umepigwa sasa hivi. Sneha alipiga hatua moja mbele, akainua mikono juu ya macho, viganja pamoja, kama mtu aliyefundishwa vizuri. Mpira ulikuwa umenywa mvua za vuli mbili na masika mbili na ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Uliingia mikononi mwake. Wote waliona umeingia. Ulivunja kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ukapenya katikati ya viganja, ukamgonga kifuani, ukaangukia ndani ya duara. Vumbi la chokaa likapanda, likatulia.

Sneha aliketi chini, ameshika mkono wake.

"Nilijaribu," alisema huku machozi yanamtoka. "Bona, nilijaribu kabisa."

"Nimeona. Kila mtu ameona."

Mwalimu Machogu aliinama, akauangalia mpira pande zote bila kuugusa, akasimama wima na kutangaza mikimbio mia mbili na kumi na nne. Timu ya kanda imeshinda. Bathsheba aliandika, akapiga mstari chini yake. Wanawake waliokuwa wakichimba upande wa migomba walipiga vigelegele. Nyanchera alilala chali kwenye nyasi na kucheka.

Bonareri hakumkumbatia mtu. Alitembea hadi hemani na kinga zake miguuni.

"Mwenyekiti, mpira umefika chini."

"Nimeona. Hongera sana, umetupa heshima."

"Nataka mkataba."

Okemwa alifuta mdomo kwa kitambaa. "Mikataba ni ya miaka minne, na ilishatiwa saini. Itafunguliwa tena 2027."

"Ulisema shida ni mpira."

"Wakati ule shida ilikuwa mpira. Sasa shida ni umri. Kanuni inasema mkataba mpya ni kwa walio chini ya miaka thelathini. Wewe una thelathini na miwili."

"Kanuni hiyo imetungwa lini?"

Okemwa alimtazama mweka hazina, mweka hazina akafungua faili, akapekua kurasa mbili.

"Mpira ukiwa juu," Okemwa alisema.

Bonareri aliinua gongo kwa mikono miwili na kulishusha katikati ya meza. Lilikuwa pigo safi, safi kuliko lile la 2023. Meza ilikatika vipande viwili na soda zikatiririkia viatu vya kamati. Okemwa alikuwa ameshika chupa yake mkononi, haikumwagika. Katibu aliandika tukio hilo, na kabla hema halijakunjwa Bonareri alikuwa amefungiwa kucheza mwaka mmoja kwa kuharibu mali ya chama.

Kwa kuwa Sneha hakuweza kushika usukani, Bonareri alimpeleka hospitalini kwa pikipiki, Sneha katikati, yeye nyuma akimshikilia. Muuguzi aliuliza kidole kimevunjikaje.

"Mpira," Sneha alisema.

"Uliotoka wapi?"

"Juu."

"Ule wetu?" muuguzi aliuliza. Sneha akaitikia. Muuguzi aliandika: mpira, akafunga kidole kwa bendeji na kijiti.

Agosti Jitendra alimtuma Bonareri hadi Tabaka na katoni nne za msasa kwa wachongaji wa mawe. Katika karakana ya mwisho alimkuta mchongaji mmoja, Nyakundi, ameinamia bamba kubwa la jiwe jeupe, urefu wa mlango. Alikuwa ametapakaa unga wa jiwe hadi kope.

"Umesoma wewe?" Nyakundi aliuliza.

"Kidogo."

"Nisomee hii kwa sauti. Kiswahili cha kuandika kinanishinda, nanakili tu vile walivyoniandikia. Kama kuna kosa niambie kabla sijang'arisha."

Bonareri aliweka katoni chini, akasoma. Jiwe lilisema kwamba hapa Nyamira mpira wa kiriketi ulikaa angani kwa miaka miwili kwa juhudi za Mwenyekiti Okemwa na kamati yake, na kwamba limezinduliwa na Bi. Lavender, mchezaji wa kulipwa wa pande zote. Chini yalifuata majina ya kamati, tisa, pamoja na dereva.

"Kuna kosa?"

"Kiriketi. Irabu moja imezidi."

Nyakundi alisonya, akaangalia karatasi aliyopewa. Kosa lilitoka kwao. Alichukua unga wa jiwe na gundi, akaanza kuiziba ile herufi kwa ncha ya kisu.

"Hilo tu?"

"Kwa maandishi, hilo tu."

Alipuliza unga pembeni ya herufi. "Na huu mpira nani aliupiga? Hawasemi."

"Niliupiga mimi."

Nyakundi hakuacha kuziba. Alisoma majina tena kwa midomo, moja moja, hadi la dereva.

"Wewe humo."

"Simo."

"Nyuma kuna nafasi," alisema. "Naweza kukuchonga huko, jina lote, sikuulizi kitu. Jiwe litaegemezwa ukutani, hakuna atakayeona."

"Sasa la nini?"

Nyakundi alifikiri, akakubali kwamba si la kitu. Herufi ilikuwa imezibwa na sasa neno lilikuwa sawa. Alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akatazama barabarani. Lori la chama lilikuwa linakuja saa nane kulichukua, na jiwe bado lilikuwa ndani kwenye kivuli, na lilihitaji jua ili ile gundi ishike. Alijaribu kuliinua peke yake, likamshinda.

Bonareri alienda upande wa pili, akainama kwa bega lake bovu, akalishika.